Kilo Moja ya Dhahabu, Matipa Mia Tano ya Mto

Treni ya TAZARA ikishaiacha Mlimba kuelekea Makambako, huanza kupanda. Mashamba ya mpunga yanabaki nyuma, na mbele unasimama ukuta wa milima uliotobolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970: madaraja 46 na mahandaki 18 katika kipande kisichofika kilomita 160. Uchindile iko huko juu. Abiria anayechungulia dirishani huona korongo baada ya korongo, na chini ya kila korongo kuna maji yanayokwenda upande mmoja tu, bondeni. Maji ya milima hii hushukia mito kama Mnyera, Mpanga na Kihansi. Yakikutana na ya Ruhudji kule tambarare, ndipo unapopatikana mto wanaoufahamu watu wa Ifakara, Kilombero.

Mhadhara huu unahusu dhahabu inayochimbwa mtoni kwa pampu, kwa mipira ya maji na kwa mashine zinazoelea. Umeanzia Uchindile kwa makusudi. Mazungumzo mengi ya dhahabu huanza na mahali inapookotwa, na huishia kwenye mizani ya mnunuzi. Hapa itafuatwa njia ya pili, ile ya tope. Dhahabu hubaki na mmoja. Tope halina mwenyewe, na linajua kusafiri.

Kwanza, kwa nini dhahabu iwe mtoni? Jibu ni uzito. Dhahabu safi ni nzito kuliko maji mara 19 na kidogo. Mchanga wa kawaida ni mzito kuliko maji mara 2.6 tu. Mwamba wenye dhahabu ukimomonyoka milimani, mvua huvikokota vyote pamoja, lakini mto haubebi vyote kwa nguvu sawa. Unapopungua kasi, kama kwenye tumbo la kona, nyuma ya jiwe kubwa au katika nyufa za mwamba wa chini, vilivyo vizito hutua kwanza. Ndiyo maana mchimbaji mzoefu akifika mtoni hatazami maji. Anatazama kona. Akikuta mchanga mweusi wenye chuma, anachutama, kwa kuwa mchanga huo nao ni mzito na hupenda kulala mahali pamoja na dhahabu.

Zana zote za kazi hii, kutoka ya bei rahisi hadi ya mamilioni, zinaiga mto. Karai linalozungushwa mkononi ni mto mdogo. Mwalo, ule ubao wa mteremko uliotandikwa zulia au magunia, ni mto wa mita mbili au tatu: udongo unamwagwa juu pamoja na maji, mchanga mwepesi unateleza hadi chini, dhahabu inanaswa katika manyoya ya zulia. Jioni zulia linaoshwa ndani ya beseni, na hapo ndipo roho za watu hudunda. Kinachotoka mwisho wa ubao huitwa marudio, na wachimbaji huyatunza, maana mara nyingi huwa bado na dhahabu ambayo mwalo uliipoteza.

Zana ya mkono ina fadhila moja isiyosifiwa: inachoka. Mtu mwenye sururu na karai hawezi kuharibu mto mzima kwa msimu mmoja, hata akitaka. Mambo hubadilika pale maji yenyewe yanapogeuzwa kuwa sururu.

Hesabu ifuatayo inaeleza kwa nini. Ikichukuliwa kwamba mita moja ya ujazo ya kokoto za mtoni ina gramu 0.2 za dhahabu, kiwango ambacho mashine kubwa zimekuwa zikikifanyia kazi kwa faida, basi kilo moja ya dhahabu inadai mita za ujazo 5,000 za mto zipinduliwe. Kwa tipa la mita za ujazo 10, hayo ni matipa 500. Na hiyo kilo moja, ikishayeyushwa, haizidi ujazo wa viberiti viwili. Matipa 500 toa viberiti viwili: kilichobaki chote ni mchanga, kokoto na udongo laini, na ni lazima kiende mahali.

Watu wa California ndio waliojifunza somo hilo kwa ukali zaidi. Mwaka 1853 mchimbaji mmoja, Edward Matteson, alianza kuelekeza maji ya mpira kwenye kingo za kokoto badala ya kuzichimba. Miaka ya 1870 ilipofika, mpira ule wa turubai ulikuwa umegeuka mizinga ya chuma. Maji yalikamatwa juu milimani, yakapitishwa kwenye mifereji mirefu, kisha yakaporomoshwa ndani ya mabomba hadi yakatoka mdomoni kwa nguvu ya kuangusha kilima. Vilima viliangushwa kweli. Udongo wake ulipita kwenye mialo mirefu ya mbao, dhahabu ikabaki, na mengine yote yakaachiwa Mto Yuba.

Chini ya Yuba kulikuwa na wakulima na mji wa Marysville. Kitanda cha mto kilipanda kwa tope mwaka hadi mwaka, mji ukainua tuta, mto ukapanda tena, mpaka ikafika mahali mto ulikuwa juu kuliko mitaa. Mwaka 1875 tuta lilizidiwa na mji ukafurika. Wakulima walikwenda mahakamani, na Januari 1884 Jaji Lorenzo Sawyer akatoa hukumu ambayo wanasheria wa mazingira bado wanaisoma. Inafaa kuielewa vizuri, kwa sababu mara nyingi husimuliwa vibaya. Jaji hakupiga marufuku dhahabu, wala hakupiga marufuku mizinga ya maji. Alikataza tope kutupwa mtoni. Makampuni makubwa yalipokosa mahali pa kuliweka, mengi yalifunga. Yaani biashara yote ile ilikuwa na faida kwa sharti moja, kwamba gharama ya uchafu ilipwe na mtu mwingine. Mwaka 1917 mtaalamu wa miamba Grove Karl Gilbert alikadiria kwamba udongo ulioshushwa ulizidi mita za ujazo bilioni 1, na wakati anaandika, miaka 33 baada ya hukumu, mzigo ule ulikuwa bado njiani ukishuka polepole kuelekea baharini.

Mashine inayoelea ina ukoo mwingine. New Zealand ndiko ilikokomaa: mwaka 1889 mfanyabiashara Mchina wa mji wa Dunedin, Choie Sew Hoy, aliweka kwenye Mto Shotover mashine yenye mnyororo wa ndoo zilizokuwa zikichota kokoto chini ya maji na kuzipandisha hadi kwenye mialo iliyo juu ya jahazi. Ilimlipa, na wengine wakaiga kwa fujo. Ndugu yake wa leo hana ndoo. Ana pampu, mpira mnene na injini ya dizeli, na ananyonya.

Aina hiyo inajulikana vizuri kwa wasemaji wa Kiswahili wa mashariki ya Kongo, ambako huitwa dragi. Katika Mto Ulindi, wilaya ya Shabunda, Kivu ya Kusini, rashi ya dhahabu, yaani mbio za watu kuikimbilia, ilipamba moto kuanzia mwaka 2013. Dragi za wenyeji zilikuwa majukwaa ya mbao juu ya maboya, na chini yake mtu alizama akiwa na bomba la hewa mdomoni, mkono mmoja ukishika mpira wa kunyonyea, macho yakiwa hayana kazi kwa sababu maji ni meusi. Uhai wake ulikuwa mikononi mwa aliyesimama juu karibu na mashine ya hewa. Baadaye zikaja dragi kubwa za chuma. Mwaka 2016 shirika la Global Witness lilitoa ripoti iliyosema kampuni ya Kichina iliyoendesha dragi hizo, Kun Hou Mining, iliwapa wanamgambo wa Raia Mutomboki fedha taslimu dola 4,000 na bunduki mbili ili ipate njia ya kufika mtoni. Habari za bunduki ndizo zilizotangazwa zaidi, na ni haki yake. Ila ripoti kama hizo huacha swali moja pembeni: samaki wa Ulindi, na watu walioko chini ya mkondo ambao hawakupewa dola wala bunduki, walipata nini?

Tanzania nayo ina historia yake ya dhahabu ya mtoni, na mlango wake ni Lupa, Chunya. Dhahabu iligunduliwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mji wa Mbeya, uliozaliwa mwaka 1927, ulipata nguvu zake za utotoni kutokana na rashi hiyo. Katika miaka ya 1930 wazungu wachimbaji walijazana Lupa kwa mamia, wengi wao watu wa kubahatisha waliotoroka mdororo wa uchumi wa dunia, huku kazi ya sururu ikifanywa na maelfu ya Waafrika waliotoka pande zote za nyanda za juu kusini. Lakini Lupa ilikuwa na kasoro moja iliyowasumbua wote: maji hayakutosha. Mito yake, inayoelekea Ziwa Rukwa, hukauka kiangazi. Wachimbaji wengine walilazimika kupepeta mchanga mkavu kwa upepo wa mashine, kama mama anavyopepeta mchele kwa ungo, wakingoja masika ndipo waoshe.

Kasoro hiyo, ukiiangalia kwa jicho la mtu wa bondeni, ilikuwa kinga. Tope la Lupa lilikosa gari la kulipeleka mbali. Chunya ya leo inauza dhahabu kwa wingi katika soko la madini lililofunguliwa mwaka 2019, vijana wake wanajenga nyumba, na hakuna sababu ya kuwaonea choyo. Ila mtu asiichukue Chunya kama mfano wa kupandikiza mahali popote palipo na mto. Kilombero haina kasoro ya Lupa. Ina maji mwaka mzima, na yana kasi.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Uchindile, ya vijito vya mlimani vinavyowashukia watu wa chini, uko Usambara Mashariki. Mwishoni mwa mwaka 2003 zilienea habari za dhahabu katika vijito vya Amani, upande wa Sakale. Watu walimiminika kwa maelfu, wakachimba kwenye vitanda vya vijito na chini ya mizizi ya miti ya msitu wa hifadhi, hadi serikali ikaingia kuwaondoa. Vijito hivyo ni vya Mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalowanywesha watu wa jiji la Tanga. Hapo picha ikawa wazi hata kwa asiyewahi kuona mwalo: mtu akiosha mchanga Sakale, mtu mwingine anafungua bomba Ngamiani, mjini Tanga. Baadaye mamlaka ya maji ya Tanga ilifanya jambo la busara. Ilishirikiana na wakulima wa juu kupitia umoja wao uitwao UWAMAKIZI, ili kulinda kingo za mto kuwe na maana pia kwa anayeishi kingoni. Mji umekubali kwamba maji safi yana mkulima wake.

Rashi yenyewe si kitu kigeni kwa watu wa Kilombero na Ulanga. Ng'ambo ya mto, huko Mahenge, vito vimewavuta watu kwa miongo mingi, na mwaka 2007 Ipanko ilitoa fuwele la spineli lililokuwa na uzito wa kilo 52. Wengi wa Ifakara wana ndugu aliyewahi kwenda kujaribu bahati. Wanajua jinsi kijiji kinavyogeuka soko kwa wiki mbili, jinsi bei ya sahani ya wali inavyopanda, na jinsi mfadhili anavyokuja na unga, maharage na pampu, kisha akaondoka na sehemu kubwa ya mali. Wanachojua kidogo ni safari ya tope. Kilo 52 ziliingia kwenye magazeti. Udongo uliochimbwa kuzitafuta haukuandikwa popote.

Safari hiyo ina kanuni zake. Kokoto haziendi mbali. Zinarundikana karibu na machimbo na kuugeuza mto mkondo. Mchanga hutembea kwa mafuriko, msimu kwa msimu. Udongo laini kabisa ndio msumbufu. Chembe ya mfinyanzi yenye upana wa sehemu mbili za elfu za milimita, hata ndani ya maji yaliyotulia kama ya mtungini, huzama sentimita 30 hivi kwa siku nzima. Bwawa la kutulizia tope lenye kina cha mita moja linahitaji kiasi cha siku tatu za utulivu ili chembe hizo zifike chini. Katika mto unaokwenda hazifiki. Husafiri mpaka maji yapate mahali pa kulala, na katika Bonde la Kilombero mahali hapo panajulikana: majaruba ya mpunga, mifereji ya umwagiliaji, mabwawa ya pembeni ambamo kambale na perege huzaliana, na ardhioevu iliyotangazwa kuwa eneo la Ramsar, yaani lenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2002, yenye ukubwa unaokaribia kilomita za mraba 8,000.

Tope peke yake lingekuwa tabu ya mkulima na mvuvi. Zebaki ndiyo inayoleta daktari. Mchimbaji mdogo akishapata mchanga mzito kwenye beseni, huuchanganya na zebaki. Zebaki hushika punje za dhahabu, bonge linakamuliwa kwenye kitambaa, kisha linachomwa mpaka ibaki dhahabu. Moshi wake huingia mapafuni mwa anayechoma na wanaomzunguka, mara nyingi mama na watoto, kwa sababu kazi hiyo hufanyika jikoni. Zebaki iliyomwagika hushuka na mto. Hapa ndipo bonde lenye mafuriko linapotofautiana na mto wa mawe. Katika udongo uliolowa muda mrefu na kukosa hewa, vijidudu hubadilisha zebaki kuwa zebaki ya methili, sumu inayoingia mwilini kwa urahisi na kutoka kwa shida. Kidudu kinaliwa na samaki mdogo, mdogo analiwa na mkubwa, na kila hatua sumu inaongezeka. Kwa hiyo jaruba na dimbwi, vitu vinavyolipa Bonde la Kilombero mpunga na kitoweo, ndivyo vinavyoweza kuipika sumu hiyo vizuri kuliko mahali pengine. Mji wa Minamata nchini Japani ndio ulioufundisha ulimwengu jambo hili kuanzia mwaka 1956, ingawa huko chanzo kilikuwa kiwanda. Mkataba wenye jina lake ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020. Kuna njia za kupunguza madhara, kama chombo kilichofungwa kinachonasa moshi wa zebaki na kuurudisha kuwa zebaki, na kinamwokolea mchimbaji fedha. Ajabu ni kwamba kinaonekana kwenye semina zaidi kuliko kwenye mialo.

Watu wa milima hii wameshaona jinsi kiumbe mdogo anavyoweza kuumia kwa kuguswa kwa maji. Mwaka 1996 wataalamu walikuta katika Korongo la Kihansi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyepatikana mahali pengine duniani, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Mtambo wa umeme wa megawati 180 ulipoanza, sehemu kubwa ya maji iliingia mabombani na manyunyu yakapungua. Yakawekwa manyunyu ya bandia. Kisha mwaka 2003 chura wakaporomoka kwa idadi ghafla. Ugonjwa wa ukungu ulitajwa, na pia lilitajwa tope lililofunguliwa kutoka chini ya bwawa wakati uleule, likiwa na mabaki ya viuatilifu. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, akabaki katika hifadhi za wanyama Marekani; mwaka 2012 wazao wake wakarudishwa korongoni. Chura huyo hakuwahi kukutana na mchimbaji wa dhahabu. Alikutana na tope lililotoka juu, na hilo lilitosha kulitia tope hilo kwenye orodha ya washukiwa.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inampa Mtanzania leseni ndogo ya uchimbaji ya miaka 7. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inadai kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, kwa anayechota au kumwaga maji. Karatasi tatu, ofisi tatu. Tatizo la Kilombero si uchache wa karatasi, ni ukingo wenyewe. Mita 60 zinapimwa kutoka wapi, kwenye bonde ambalo ukingo wa Oktoba na ukingo wa Aprili vinaweza kuachana kwa kilomita kadhaa? Mchimbaji aliyeheshimu sheria kiangazi anaweza kujikuta katikati ya mto masika, yeye, rundo lake la marudio na chupa yake ya zebaki. Kwa bonde kama hili, kipimo kingepaswa kuanzia kwenye alama ya mafuriko, na alama hiyo wazee wa Kindamba, wenyeji wa bonde, wanaijua bila kuulizwa mara mbili.

Kuna jambo lingine linaloongeza uzito wa swali hili. Kilombero inachangia takriban asilimia 62 ya maji ya Mto Rufiji, na sasa chini yake kuna Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, lenye mtambo wa megawati 2,115. Tope lililokuwa likienda baharini sasa lina mahali pa kukwama, na nafasi lililochukua haiwekwi maji. Mtu wa Dar es Salaam anayewasha taa ameingia katika kesi ya Uchindile bila kuitwa.

Wakulima wa Marysville walihitaji miaka mingi kuthibitisha mahakamani jambo ambalo kila mtoto wao aliliona, kwa sababu mto uliokwishachafuka haushuhudii jinsi ulivyokuwa. Shule yoyote iliyo karibu na Mnyera au Mpanga inaweza kuanza ushahidi huo kabla mpira wa kwanza haujashushwa majini, na bila fedha ya mradi. Inatosha chupa ya plastiki isiyo na rangi, ijazwe mahali palepale kila mwezi, iandikwe tarehe kwa kalamu ya wino mzito, iwekwe rafuni bila kutikiswa kwa siku tatu, kisha unene wa tope lililolala chini upimwe kwa rula na uandikwe daftarini. Tope la Oktoba litakuwa jembamba, la Aprili nene. Daftari likifika mwaka wa tano, litakuwa linasema Aprili ya kawaida ni milimita ngapi.